Kipande cha Kumi na Saba

Jina lake la kuzaliwa limepita mwishoni mwa filamu thelathini na nne, lakini ukilitaja studio hakuna atakayegeuka. Huko wanamwita Sekunde. Alibandikwa jina hilo na mpiga filimbi mmoja aliyechoka kuulizwa, kila akishusha filimbi mdomoni, "Hiyo ilikuwa sekunde ngapi?" Mkewe alilipinga mwezi mzima. Siku moja akasikika akimwambia jirani kwamba Sekunde yuko uani anafanya kazi, na hapo ubishi ukaisha.

Kazi yake ni kutunga muziki wa filamu. Si nyimbo za kuimba, ni ule muziki unaopita chini ya maneno mtu anapofungua barua, anapofukuzwa kazi, anaporudi na kukuta nyumba tupu. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama umefanya chochote. Kwenye harusi watu humuuliza kama ndiye yule anayeimba mwanzoni, na akisema siye wanamwonea huruma. Shemeji yake, mume wa dada yake, fundi seremala na mtu wa heshima zake, aliwahi kumuuliza kwa dhati kabisa huwa anakaa upande gani wa ukumbi sinema inapoonyeshwa, na kama miguu haimfi ganzi.

Saa anayotembea nayo mfukoni, ya kubonyeza kwa kidole gumba, alipewa na dada yake. Dada alikuwa mkunga. Aliitumia wodini kupimia uchungu wa wajawazito, na wodi ilipoletewa saa mpya akamletea mdogo wake ile ya zamani. "Chukua," alimwambia. "Imezoea watu wasio na subira."

Walikuwa wawili tu, dada akiwa amemtangulia miaka minane. Mama yao alipika katika bweni la shule, na ukumbi wa shule hiyo ulikuwa na piano ambayo hakuna aliyejua iliingiaje. Dada alijifunza kuipiga kwa kukaa mlangoni na kumsikiliza mwalimu mmoja aliyekuwa akiipiga Jumapili. Kisha akamkalisha mdogo wake kwenye benchi, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya mtoto na kuvibonyeza kimoja kimoja. Aliyekuwa na sikio ni dada, na Sekunde analijua hilo. Lakini chuo cha uuguzi kilikuwa na nafasi na kinampa mwanafunzi kitanda, na muziki haukuwa na nafasi wala kitanda. Dada akaenda uuguzi. Mdogo akabaki na piano.

Alianza kazi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, miaka mitatu akiwapigia watu wanaosubiri funguo za vyumba. Kutoka hapo akaenda redioni, kwenye michezo ya kuigiza, alikokuwa pia akitembea juu ya kokoto ndani ya sinia ili wasikilizaji wajue mtu amefika. Akatunga tangazo la sabuni la sekunde kumi na moja ambalo watoto wa mtaani waliliimba hadi akatamani kuhama. Halafu filamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote za watu wanaokimbizana. Ya tano ndiyo ilikuwa filamu ya kituo.

Filamu ya kituo ni hadithi ya mwanamke anayekwenda kila jioni kwenye kituo cha treni kumpokea mume ambaye hatarudi. Picha ilikuwa imefungwa, maana yake imekatwa ikakatika, haiguswi tena, na mtunzi anatakiwa aingie humo humo bila kuomba hata nusu sekunde. Muziki ulikuwa na vipande thelathini na kimoja. Vipande thelathini vilimjia bila shida. Cha kumi na saba, pale treni ya mwisho inapopita bila kusimama na mwanamke amebaki amekaa, kilikataa. Alijaribu siku tisa. Alichoandika kilikuwa ama kinalia kuliko yule mwanamke, ama kinamdanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Siku ya kumi alibeba kinanda kidogo kwapani akaenda kwa dada, kwa sababu kwa dada kulikuwa na chakula na hakuna wa kumuuliza imefikia wapi. Dada alikuwa ametoka zamu ya usiku, anapiga pasi sare yake kabla ya kulala. Huku akipiga pasi akaanza kuimba, midomo imefumba, bila neno hata moja. Ulikuwa wimbo unaokwenda taratibu, unapanda kidogo, unasita, unapanda tena.

Sekunde aliruka hadi kiti kikaanguka. "Dada! Huo wimbo wa nani?"

"Wa nani tena? Wangu. Ni wa wodini. Mtu akishikwa na uchungu namwekea mkono mgongoni namwimbia huo. Nimeutengeneza kidogo kidogo, sijui ni miaka mingapi."

Hakungoja zaidi. Alikaa sakafuni, akachomeka kinanda, akavaa hedifoni, akaanza kuutafuta kwa vidole na kuunukuu nyuma ya bahasha. Nyuma yake dada aliendelea kupiga pasi na kuimba, lakini yeye alikuwa amekwisha kuziba masikio. Alipozivua hedifoni alikuwa na sekunde kumi na tisa, na zilimkaa yule mwanamke wa kituoni kama zimekatwa kwa kipimo chake.

"Nautumia, Dada," alisema. "Na jina lako litaandikwa."

"Liandike lote basi. Na la baba pia."

"Lote."

Sasa, kila filamu ina fomu ya muziki. Ni karatasi yenye safu nne: namba ya kipande, mahali kinapoingia, urefu wake, na mtunzi. Inapelekwa ofisi ya haki za wanamuziki, na humo ndimo wanamochukua majina yanayopanda mwisho wa filamu. Ilikuwa Ijumaa, na dirisha la ofisi hiyo lilikuwa linafungwa saa kumi. Sekunde alijaza fomu amesimama, ameegemea ukuta wa korido. Safu tatu za kwanza alizijaza vizuri, kwa sababu kwa sekunde hana mzaha. Kwenye safu ya mtunzi akaandika jina lake katika mstari wa kwanza, kisha, ili asirudie mara thelathini, akachora mstari mmoja wa wino kutoka hapo hadi chini kabisa, na mshale mwishoni. Kila mtunzi hufanya hivyo. Mstari ukapita juu ya namba kumi na saba bila kusita.

Kama angesema alisahau, angekuwa amesema kweli, lakini kwa dakika ile tu. Alikumbuka akiwa kwenye ngazi za ofisi. Dirisha lilikuwa bado wazi. Akajiambia atarekebisha Jumatatu. Jumatatu alikuwa na kazi nyingine, Jumanne fomu ilikuwa imekwisha kugongwa muhuri, na kuanzia Jumatano lilikuwa jambo la kumwambia dada, si tena la kurekebisha. Hakumwambia.

Filamu ilipotoka, dada alikwenda kuiona Jumamosi mchana na wakunga wenzake sita. Alikuwa amewaambia. Walivaa vizuri. Sekunde alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kama anavyofanya kwa kila filamu yake ili asikilize watu wanakohoa wapi. Aliwaona wote saba wamebaki vitini majina yalipoanza kupanda, wakati watu wengine wakitoka. Aliwaona wakisogea mbele kidogo, waone vizuri. Majina yakaisha, taa zikawaka, na dada akabaki ametazama kitambaa cheupe. Wenzake walikuwa wanatafuta mikoba yao kwa bidii isiyo ya kawaida. Mfagiaji alifika kwenye safu yao akamwomba dada anyanyue miguu.

Sekunde akatoka kwa ngazi ya upande wa pili.

Hawakugombana. Kama wangegombana labda mambo yangekwisha. Dada aliendelea kumpakulia, kumuuliza habari za mkewe, kumkaripia akikonda. Filamu ya kituo ikapata tuzo ya muziki, kikombe cha shaba chenye uzito wa jiwe, na waandishi wa habari wakampenda sana Sekunde kwa sababu ya kipande cha kumi na saba. Walichokipenda zaidi ni kwamba hakimaliziki. Kinapanda, kinafika juu, kinabakia hewani. Sekunde akatengeneza maelezo. Alisema alitaka mtazamaji abaki akisubiri pamoja na yule mwanamke. Aliyasema maelezo hayo mara nyingi hadi akayaamini, na yamo kwenye kitabu fulani cha kufundishia.

Aligundua kilichoharibika mwaka wa tatu baada ya filamu kutoka, mkewe alipojifungua pacha. Dada ndiye aliyemzalisha. Sekunde alikuwa koridoni, mgongo ukutani, saa mkononi, akisikia kupitia mlangoni dada anaimba ule wimbo kwa sauti ya chini. Akashindwa kuvumilia, akasukuma mlango. Dada akamwona. Wimbo ukakatika pale pale.

"Baba asubiri nje," alisema, kwa sauti ile anayowaambia baba wote.

Tangu hapo akaanza kuangalia, na ikawa hivyo kila mara. Dada akiwa jikoni anaimba, Sekunde akiingia ananyamaza. Akiwa anafua anaimba, mdogo wake akipiga hodi ananyamaza. Hakufanya kwa uso wa hasira. Aliacha tu, na kukaribisha mgeni. Miaka ishirini na miwili. Pacha walikua, shemeji fundi seremala alifariki, dada alistaafu, na Sekunde hakupata kumsikia dada yake akiimba hata mara moja akijua kwamba yeye yupo. Ilimuuma. Asikwambie mtu kwamba mtu mzima hawezi kuumwa na kitu kama hicho. Alikuwa akipiga hodi kwa dada, kisha anasimama kidogo nje, amejaa aibu, akisikiliza ukimya.

Mwaka jana aliitwa na mwongozaji mmoja, binti wa miaka ishirini na tisa mwenye kucha zilizotafunwa na filamu yake ya kwanza. Ilikuwa filamu ya mama anayesubiri mwanawe atoke chumba cha upasuaji. Alimkalisha Sekunde mbele ya skrini, akamwambia, "Mzee, kabla hujasema chochote, muziki uliopo ni wa muda tu."

Hiyo nayo ni desturi ya kazi. Picha inapokatwa, hubandikwa muziki wowote uliopo, ili mkataji apate mwendo. Baadaye mtunzi analeta wake na ule wa muda unatupwa. Tabu ni kwamba mwongozaji anakuwa ameusikia mara mia mbili na moyo wake umekwisha kuhamia huko. Watunzi wengi wamezeeka mapema kwa kushindana na muziki wa muda. Sekunde alikuwa ameshindana nao miaka yote, lakini siku hiyo, kwenye picha ya yule mama amekaa koridoni, zikaingia sekunde kumi na tisa anazozijua.

"Umeutoa wapi?" aliuliza, ingawa hakukuwa na haja.

"Si filamu yako ya kituo? Nilikua nao nyumbani. Ndiyo maana nimekuita wewe, Mzee. Nataka kama huu, lakini usiwe huu."

Alirudi kwenye chumba chake cha kazi uani, chenye magodoro ukutani kuzuia kelele za nje, akaandika. Akampelekea binti kipande cha kwanza. "Kizuri, lakini bado." Cha pili, cha tatu, cha nne, vivyo hivyo. Kwa cha tano binti alipiga simu.

"Mzee, usinikasirikie. Hiki ni kizuri sana. Lakini ule wa zamani unamjua huyu mama. Hiki kinamtazama tu."

"Basi tutumie ule wenyewe," alisema Sekunde. Alikuwa amechoka.

"Inawezekana? Si wako?"

"Ni wangu," alisema. Ulimi ulikwenda wenyewe, umezoea njia.

Akaanza kuurekodi upya. Mkewe aliingia na chai, akasimama katikati ya chumba na kikombe mkononi hadi spika ziliponyamaza.

"Huo si ule wa wifi?"

"Ni wa filamu ya kituo."

"Baba Pacha," mkewe alisema, akiweka chai juu ya kinanda mahali ambapo hairuhusiwi kuwekwa chai, "mimi nimewazaa watoto wako kwa wimbo huo. Naujua kuliko wewe." Akatoka zake.

Sekunde aliinywa ile chai yote kabla ya kugusa kitu. Kisha akafungua fomu ya muziki. Siku hizi ni ya kompyuta. Vipande vilikuwa kumi na sita. Akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, akashika pembe ya kisanduku, akavuta chini kama kila mtunzi anavyofanya, na kompyuta ikamjazia jina lake, jina lake, jina lake, hadi ikapita kipande cha tisa, ule wimbo wa wodini, na kwenda zake. Aliitazama ile safu. Akafuta cha tisa. Akabaki ametazama kisanduku kitupu kwa muda ambao, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hawezi kukwambia ulikuwa sekunde ngapi. Asubuhi yake alichapa karatasi akaenda kwa dada.

Dada alikuwa kibarazani akishona upya mkanda wa begi lake la kazi, ingawa kazi yenyewe hana tena.

"Karibu. Chai ipo. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, nimekuja na karatasi."

Sindano ikasimama. "Ya hospitali?"

"Hapana. Ya muziki."

Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, yenye utangulizi. Yote yakamkimbia. "Nilichora mstari," alisema.

"Mstari gani?"

Akamweleza. Fomu, korido, saa kumi, wino. Dada alisikiliza huku akivuta uzi.

"Nilikaa pale mpaka mwenye ufagio akaniomba ninyanyue miguu," dada alisema. "Wewe hujui hilo."

Hapo angeweza kunyamaza. Dada angeendelea kutojua, na hakuna mwingine aliyemwona.

"Najua," alisema. "Nilikuwa mlangoni. Nilikuona. Nikashukia ngazi za upande wa pili."

Dada aliliweka begi chini. "Mimi nilidhani ulisahau," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka yote hii nilidhani mdogo wangu ni msahaulifu. Mtu msahaulifu humgombezi. Unamfichia tu vitu vyako. Kumbe uliniona."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sekunde alibaki kibarazani na karatasi yake. Jua lilisogea kutoka kwenye viatu vyake hadi magotini. Saa ilikuwa mfukoni na hakuitoa. Alikuwa ameamua kwamba asipofunguliwa atarudi kesho, na keshokutwa, hata majirani wamwone mwehu.

Mlango ulipofunguka, dada alikuwa amevaa miwani na macho yamemvimba. "Lete hiyo karatasi." Akaisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma cheti cha mgonjwa. "Hii ni ya filamu mpya. Ile ya zamani je?"

"Ile imeshapita, Dada."

"Mimi sijapita."

Basi barua mbili zikaandikwa hapo hapo, mezani kwa dada, moja ya ofisi ya haki na nyingine ya wale waliotoa tuzo. Sekunde aliandika kwamba kwa bahati mbaya jina la mtunzi wa kipande namba kumi na saba halikuingizwa. Dada alichukua kalamu akakata maneno matatu.

"Bahati mbaya ni kunyeshewa. Andika ulichofanya."

Akaandika alichofanya. Ilichukua karatasi nne. Alipokuwa anavaa viatu aondoke, dada alisema nyuma yake, "Na hata hukusubiri."

"Nisamehe, Dada."

"Nenda. Utachelewa gari."

Barua zilifanya kazi yake. Gazeti moja liliandika habari fupi yenye kichwa cha habari kirefu. Mpiga filimbi aliyempa jina la Sekunde alipita mbele yake studio bila salamu, kwa miezi miwili. Mwalimu mmoja alipiga simu kuuliza sasa wanafunzi waambiwe nini kuhusu yale maelezo ya kusubiri. Kikombe alikirudisha. Waliotoa tuzo wakamjibu kwa heshima kwamba hawana utaratibu wa kupokea vikombe, wakamrudishia, na hadi leo kiko kwenye boksi chini ya meza, kinamgonga mguu. Hakuna kilichomuumiza kama alivyoogopa. Kilichomuumiza ni kwamba alimtembelea dada mara tano katika miezi hiyo, na mara zote tano, akipiga hodi, ndani kulikuwa kimya.

Filamu mpya ilionyeshwa Jumamosi, saa nane mchana. Alimfuata dada nyumbani akamkuta na wakunga wanne. Wale sita wa zamani, wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Walikuwa wamevaa vizuri, mmoja na mkongojo wake. Safari hii Sekunde hakusimama mlangoni. Alikaa pembeni ya dada.

Kipande cha tisa kikapita. Mtu mmoja alikohoa, wengine walitulia. Picha ikaisha, watu wakaanza kutoka, wakunga wakasogea mbele kwenye viti vyao. Jina la dada likapanda, lote, na la baba. "Huyo hapo!" alipiga kelele yule mwenye mkongojo, watu wakageuka. Jina lilikaa kwenye kitambaa sekunde mbili na nusu, likaondoka. Dada alibaki amekaa hadi taa zikawaka, na mfagiaji alipokaribia safu yao, akanyanyua miguu mwenyewe kabla ya kuombwa.

Wenzake walitangulia kutafuta usafiri. Dada ana goti bovu, kwa hiyo wao wawili walishuka ngazi polepole, mkono wake kwenye chuma cha ukutani, Sekunde akiwa amembebea mkoba. Ilikuwa orofa tatu. Walikuwa wameshuka orofa moja dada alipoanza kuimba.

Alianza bila kumtazama, midomo imefumba. Sekunde alikosea ngazi nusura aanguke. Ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda tena. Zile sekunde kumi na tisa anazijua kuliko uso wake. Ukafika pale juu unapobakia hewani, pale alipowaeleza waandishi wa habari habari za mtazamaji na kusubiri, naye akasubiri ukimya.

Dada hakunyamaza. Wimbo uligeuka, ukashuka kwa njia nyingine asiyoijua, mpana, bila haraka, kama mkono unavyoshuka mgongoni mwa mtu, ukapumzika, ukashuka tena hadi chini kabisa ulikoanzia. Mkono wa Sekunde ulikuwa umeshaingia mfukoni. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha saa. Akakiondoa, akautoa mkono mtupu. Machozi yalimtoka pale pale ngazini, mtu mzima, na mkoba wa kike begani.

"Ulikuwa haujaisha," alisema.

"Ulivaa hedifoni," alijibu dada. "Nilikuita mara mbili."

Watu waliwapita kulia na kushoto, wengine wakiomba njia. Sekunde alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Dada, hapo mwisho. Niimbie tena hapo mwisho."

"Hapo mwisho hapana. Utausikia wote," dada alisema, akamtazama. "Ngazi bado zipo." Akaondoa mkono kwenye chuma, akamshika yeye, akaanza upya.